Mwanamke wa Sehemu ya Kwanza

Filamu ikiwa ni sehemu ya pili, Kalunde hakuuliza jina lake wala hakuuliza ina mapigano mangapi. Aliuliza swali moja tu: "Ni nani hayupo?"

Vijana wa soko la Nunguni walimcheka kwa swali hilo, lakini hawakuingia ukumbini kabla hajalijibu mwenyewe. Ilikuwa mwaka wa 1991. Kalunde alikuwa na miaka arobaini na miwili, na alikuwa akiuza chai na nduma za kuchemsha mbele ya duka la Yakub, mfanyabiashara kutoka Kitui mjini ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani za mababu. Nyuma ya duka hilo kulikuwa na chumba cha mabati chenye mabenchi kumi na moja, televisheni moja, deki moja ya video, na jenereta iliyokohoa nje kama mzee wa pumu. Kila mtu alilipa mlangoni isipokuwa Kalunde. Yeye aliingia bure tangu siku ile aliyosema filamu fulani haifai hata kufukuzia kuku, na watu kumi na wanane wakageuka palepale na kurudi kwenye vitunguu vyao. Yakub alitambua siku hiyo kwamba mama huyu ni afadhali awe ndani kuliko nje.

Hakuwahi kukaa darasani. Kizungu chake kiliishia kwenye salamu, na maandishi ya kwenye kasha la kaseti kwake yalikuwa nyayo za kuku tu. Lakini alipoulizwa vipi anaelewa filamu za Wazungu, alijibu bila kusita, "Macho hayahitaji mkalimani."

Alipenda filamu za aina moja: zile ambazo akta, kama watu wa soko walivyomwita shujaa, ana nguvu zisizo za binadamu. Anaruka, anainua magari, risasi zinamdondoka kama punje za mahindi. Alizijua zote, na kuhusu sehemu zao za pili alikuwa na maneno aliyoyasema waziwazi, mikono kiunoni, birika likichemka nyuma yake.

"Sehemu ya pili akta amenenepa," alisema. "Angalia tumbo. Na anaanza kwa kuchoka. Eti amechoka kuokoa watu, anataka kulala. Amechoshwa na nini? Si tulimwacha akishangiliwa? Halafu wanamletea maadui wawili, kwa sababu mmoja hatoshi. Ni kama mpishi aliyeharibu chungu cha muthokoi, badala ya kupika upya anaongeza chumvi, akionja anaongeza tena. Na ule mji uliobomolewa katika ya kwanza umesimama tena. Nani aliujenga? Umeona mtu akibeba tofali?"

"Mama Mutindi, hiyo ni filamu tu," kijana mmoja angesema.

"Na yule adui aliyezikwa? Tulimwona akiingia kaburini. Sasa anatembea. Mimi nauliza, matanga yake nani alikula? Kama kuna mtu alikula matanga, basi adui amekufa, na huyu ni mwongo aliyevaa nguo zake."

Hapo wangeangua kicheko, naye angewamiminia chai. Lakini hakuwa akitania. Kwao, katika milima ya Kilungu, jambo lililofanyika lina watu waliolikula. Mtu akifa, kuna waliokula. Mtu akioa, kuna waliokula. Ukitaka kujua kama jambo ni la kweli, usitafute karatasi, tafuta mdomo uliotafuna.

Filamu aliyoipenda kuliko zote iliitwa na watu wa soko Mshika Daraja. Jina lake la Kizungu hakuna aliyejali. Ilimhusu mjenzi wa madaraja aliyeanguka mtoni kukiwa na radi, akatoka na mkono wenye nguvu ya kushika chochote kinachoanguka: daraja, gari moshi, hata ndege. Shida ni kwamba nguvu hiyo ilimchoma mkono wenyewe. Kila akishika, ngozi inababuka. Angekufa mapema kama si mwanamke mmoja mshonaji, mwenye baka jeusi shavuni, aliyekaa siku nyingi akijaribu ngozi za kila aina mpaka akamshonea glavu za manjano zilizouhimili moto ule. Tangu hapo akta akawa akta. Kalunde aliitazama sehemu hiyo ya kwanza mara saba, na mara zote saba, mwanamke yule alipojidunga sindano na kunyonya kidole chake bila kusema neno, Kalunde alisema yeye, kwa sauti: "Shona, mama. Shona tu."

Waliomfahamu vizuri walijua kwa nini.

Kalunde aliolewa Kasikeu mwaka wa 1967 na mwanamume aliyeitwa Ndolo. Ndolo alikuwa na maneno mazuri na mikono mitupu. Kalunde ndiye aliyekuwa na mikono. Alisuka viondo, vikapu vya kamba. Alichubua magome, akasokota kamba kwenye paja mpaka ngozi ya paja ikawa ngumu kama ya goti, akasuka alfajiri kabla ya shamba na jioni baada ya shamba. Wanunuzi wa viondo walipoanza kuja kutoka Nairobi, vyake vilichukuliwa kwanza, kwa kuwa havikuonyesha mahali kamba ilipounganishwa. Kwa viondo hivyo Ndolo alinunua mashine ya kusaga unga mwaka wa 1979. Kwa mashine hiyo akawa mtu. Na alipokuwa mtu, akaona mke wake ana paja gumu na mtoto mmoja tu, tena msichana.

Alimleta Mbinya mwaka wa 1981. Alimwoa kanisani, kwa pete na keki. Mchungaji mgeni alipomuuliza kama ana mke, Ndolo alisema hana. Kalunde alikuwa nyuma ya nyumba akianika mtama siku hiyo. Alirudi kwao Nunguni na kiondo kimoja na Mutindi, msichana wa miaka kumi, na kaka yake Jonah akampa chumba na kipande cha shamba. Kilichomuuma zaidi hakikuwa kufukuzwa. Kilichomuuma ni kwamba wateja wa mashine walianza kumwita Mbinya "mama mwenye mashine", na hakuna hata mmoja aliyeuliza yule wa kwanza ameenda wapi. Unga ulisagwa vilevile.

Basi mwaka huo wa 1991 Mutindi alikuwa na miaka ishirini na alikuwa amepata mchumba, fundi seremala wa upande wa Ikutha, kijana mpole mwenye jina la Musembi. Jumatatu moja Jonah aliingia katika chumba cha dada yake bila kuvua kofia, na Kalunde akajua amebeba jambo zito. Jonah alikuwa mzee wa kanisa. Kofia hiyo aliivua hata kwa watoto.

"Ndolo ametuma neno," alisema. "Watu wa Musembi wataleta mbuzi wa ntheo Jumamosi. Wataleta Kasikeu, kwa baba wa msichana."

"Ni sawa. Mbuzi hupelekwa kwa baba."

Ntheo ni mbuzi watatu, na bila hao mwanamke wa Kikamba hajaolewa hata akizaa watoto kumi. Dume huchinjwa hapohapo na pande zote mbili zinakula. Mama wa msichana hukaa kwenye kigoda mbele ya watu, na yeye ndiye anayepokea na kugawa nyama ya wanawake. Kalunde alikuwa akiisubiri siku hiyo tangu Mutindi alipoota meno.

Jonah alikohoa. "Anasema atakayekaa kwenye kigoda ni Mbinya. Kwamba yeye ndiye mke wa pete. Kwamba wewe ubaki hapa, usije kuleta aibu mbele ya wageni."

Kalunde alikuwa akimenya nduma. Aliendelea kumenya mpaka akaimaliza.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilisema nitakuambia." Jonah aliutazama mlango. "Dada, ni miaka kumi sasa. Watu wamezoea. Msichana aolewe kwa amani. Kigoda ni mti tu."

"Kigoda ni mti tu," Kalunde alirudia polepole, kama mtu anayeonja maziwa ambayo ana shaka nayo. "Haya, Jonah. Nimesikia. Unaweza kuvua kofia sasa."

Siku ya soko iliyofuata, Yakub alibandika karatasi kubwa ukutani: Mshika Daraja, sehemu ya pili, imefika kutoka Mombasa. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye makreti ya soda. Kalunde alifunga biashara yake mapema na kuketi benchi la mbele, mahali pake. Wale waliokuwa karibu naye waliona leo hasemi.

Picha ikaanza. Akta alikuwa amenenepa, kama Kalunde alivyosema siku zote. Alikuwa amechoka, kama alivyosema. Mji ulikuwa umejengwa upya. Mshika Daraja akaingia nyumbani kwake, nyumba ileile, mapazia yaleyale, glavu za manjano zimetundikwa msumari uleule. Mlango wa jikoni ukafunguka, na mwanamke akatoka na sahani mkononi. Alikuwa na shingo ndefu na shavu safi kabisa lisilo na doa. Mshika Daraja akambusu kama mtu aliyembusu miaka mingi.

Kalunde akasimama.

"Huyu ni nani?"

"Kaa chini, mama!"

"Nauliza, huyu ni nani? Mwenye baka yuko wapi?"

"Mama Mutindi, unaziba!"

"Glavu zile nani alishona? Jamani, hata jirani haulizi? Hata mama mkwe? Mwanamume anaingia, anakuta mwanamke mgeni jikoni, anakula!"

Ukumbi wote ulicheka. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Ameachwa huyo, mama! Ameenda kusuka viondo!" Kicheko kikakatika ghafla, kwa kuwa Nunguni ni ndogo na kila mtu anajua maneno yanapomwangukia mwenzake. Kijana mwenyewe aliinama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwapo.

Kalunde alibaki amesimama mwanga wa televisheni ukimpiga usoni. Alisubiri. Alisubiri kwa kweli, kana kwamba yule akta mnene angegeuka na kumjibu. Mshika Daraja alipangusa mdomo, akavaa glavu, akaenda kushika treni. Kalunde akatoka.

Yakub alimfuata hadi kwenye birika lake. Alikuwa mtu mwenye maneno laini ya kwao, yale ambayo watu wa soko walisema yamepakwa mafuta.

"Bi Kalunde, wanitia hasara, lakini si hilo. Nikwambie kitu? Yule mwanamke wa kwanza nasikia waligombana kuhusu malipo, wakachukua mwingine. Ndivyo wafanyavyo huko. Filamu haisikii, dada yangu. Hata ukipiga kelele hadi kesho, filamu haisikii."

"Najua haisikii," Kalunde alisema. "Lakini wale waliokaa kwenye benchi wanasikia. Wao ndio nilikuwa nawauliza."

"Wao wamelipa waone treni."

"Ndiyo maana sehemu ya pili inafanikiwa, Yakub. Si kwamba akta ni mwongo. Ni kwamba watu wamelipa, basi wananyamaza." Alijimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Yule shingo ndefu hana hatia kubwa. Ameambiwa toka jikoni na sahani, ametoka. Lakini ukimwuliza glavu zimeshonwa kwa ngozi gani, hawezi kujibu. Hapo ndipo utamjua mtu. Usimwulize wewe ni nani. Mwulize jambo ambalo aliyekuwepo tu ndiye analijua."

Aliposema hivyo alikisimamisha kikombe nusu ya njia kuelekea mdomoni. Yakub alisema baadaye kwamba alimwona akitabasamu peke yake, na kwamba tabasamu lile lilimwogopesha kidogo.

Ijumaa jioni Mutindi alikuja kukaa miguuni pa mama yake asukwe nywele. Jambo lote la Kasikeu alikuwa amelisikia kwa mjomba wake.

"Mwaitu, mama yangu, mimi nataka ukae wewe," alisema. "Unajua hivyo."

"Najua."

"Lakini wale wazee wa Ikutha ni wakali. Wakiona ugomvi watafungua mbuzi waondoke nao. Musembi ameniambia. Tafadhali." Alisita. "Usipige kelele kama kule kwa video."

Kalunde alivuta uzi wa nywele kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Nani amekuambia?"

"Soko zima, mwaitu."

Wote wawili wakacheka, ingawa si kwa muda mrefu.

"Sikiliza," Kalunde alisema. "Nitakuja. Nyumba inayoletewa mbuzi haifukuzi mtu. Nitakaa kwa wapishi. Na sitasema neno mpaka niulizwe. Nakuahidi."

"Na usipoulizwa?"

"Nitaulizwa."

Mutindi aligeuza shingo kumtazama mama yake. Hakuona hasira usoni pake. Aliona uso aliouona ukumbini mara nyingi, pale watu wengine walipofikiri akta amekufa naye Kalunde akaendelea kula karanga.

Jumamosi Kalunde aliteremka na lori la kabichi lililokuwa likienda Sultan Hamud, akashuka njiani na kutembea hadi kwenye boma aliloondoka miaka kumi iliyopita. Mashine ya kusaga ilikuwa kimya kwa heshima ya siku. Mtama ulikuwa umeanikwa mahali palepale. Alipita nyuma, akasalimia wapishi, akafunga leso kiunoni na kuanza kuchambua ndengu. Wanawake wazee wa jirani walimtazama, wakatazamana, wakamsogezea sinia. Hakuna aliyemwuliza amekuja kufanya nini. Safari hii kunyamaza kwao hakukumwudhi.

Kutoka hapo aliona uwanja wote. Ndolo amevaa koti, tumbo likivuta vifungo. Jonah ameketi upande wa wazee wa nyumbani, kofia juu ya goti. Mutindi kwenye mkeka na wasichana wenzake. Mbuzi watatu wamefungwa kwenye mti wa uani. Na kwenye kigoda, mbele, Mbinya, amevaa gauni la kola nyeupe na kitambaa kipya, mikono imekaa juu ya mapaja yake laini. Alikuwa mwanamke mzuri. Kalunde aliliona hilo na hakulikataa.

Msemaji wa watu wa Musembi alikuwa mzee mwembamba aliyeitwa Ndululu. Alisalimia, akasifu boma, akasifu njia, akasifu uji. Kisha akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Kabla kisu hakijatoka, tuna swali moja," alisema. "Ninyi mnalijua, ni swali la siku zote. Mbuzi wa binti hawatangulii mbuzi wa mama. Mama huyu tunayemwona hapa, mbuzi wake walichinjwa wapi?"

Kalunde aliendelea kuchambua ndengu. Punje nzuri huku, changarawe kule.

Ndolo alicheka cheko la mwenye nyumba. "Mzee wangu, hapa sisi ni watu wa kanisa. Mke wangu tulifunga ndoa ya pete. Cheti kiko ndani, kimewekwa kwenye fremu. Nikilete?"

"Kilete ukipenda. Mimi sisomi." Watu walicheka. Ndululu hakucheka. "Hata mimi ni wa kanisa, mwanangu. Lakini cheti hakikuliwa na mtu. Nimeuliza mbuzi. Nionyeshe mtu mmoja tu hapa aliyekula mbuzi wa mama huyu, nami nitakaa chini."

Ndolo alitazama wazee wake. Mmoja alikuna sikio. Mwingine alipata usingizi wa ghafla. Keki walikula, wengi wao, na ilikuwa tamu. Lakini mbuzi wa Mbinya hakuna aliyemla, maana hakuletwa. Katika haraka yake ya kutafuta mke mpya Ndolo aliona pete inatosha kila kitu, na kwa miaka kumi hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Kalunde aliujua ukimya huo. Ulikuwa ule wa ukumbini kwa Yakub, watu wamelipa, wanasubiri treni. Vidole vyake vilitaka kusimamisha mwili mzima. Alivipa ndengu.

"Basi," Ndululu alisema, bila ubaya, "tutafungua wanyama wetu. Siku ambayo mama ataletewa mbuzi wake, mtatuita." Akamwashiria kijana mmoja. Kijana akashika kamba. Mutindi aliweka mkono mdomoni. Musembi, aliyekuwa amesimama nyuma ya wazee wake kama desturi inavyotaka, alitazama ardhi kama seremala anayetazama ubao uliopasuka akiwa tayari amemaliza kuupiga randa.

Hapo Mutindi alisimama. Msichana wa ntheo haongei mpaka aulizwe, lakini alisimama.

"Wazee, mnisamehe," alisema. "Mmeuliza kuhusu mama. Muulizeni mwaitu." Na akanyoosha mkono kuelekea kwa wapishi.

Vichwa vyote viligeuka. Ndululu aliweka mkono juu ya macho, kuzuia jua.

"Wewe mama wa ndengu. Wewe ni nani?"

Kalunde aliweka sinia chini. Alikung'uta leso. Alitembea hadi katikati ya uwanja bila haraka, na alipozungumza hakupaza sauti hata kidogo. Wapishi walilazimika kuacha kukoroga ili wamsikie.

"Mimi ni Kalunde. Msichana huyo nilimzaa katika nyumba ile yenye mlango wa buluu, mvua ikinyesha. Mbuzi wangu waliletwa Nunguni kwa baba yangu mwaka wa 1967. Walikuwa watatu. Dume lilikuwa na sikio lililochanika."

"Hayo ni maneno ya zamani," Ndolo alisema. "Mwanamke huyu aliondoka."

"Sijauliza nani aliondoka," Ndululu alimjibu. "Nani alikula?"

Kalunde hakumtazama Ndolo. Aligeukia upande wa wazee wa nyumbani, mahali kofia ilipokuwa imekaa juu ya goti.

"Jonah," alisema. "Kaka yangu. Wewe ni mzee wa kanisa. Dume lile la sikio lililochanika, unalijua?"

Jonah alitazama kofia yake. Angeweza kusema amesahau. Ilikuwa miaka ishirini na minne. Lakini watu wa aina ya Jonah wananyamaza vizuri sana na hawawezi kudanganya hata kidogo, na dada yake alilijua hilo tangu wakichunga pamoja.

"Ninalijua," alisema mwishowe. Akasimama. "Mimi ndiye niliyelichuna. Nilikuwa kijana. Figo moja niliichoma kwa siri nikaila kabla ya wazee, na baba akanipiga." Alimgeukia Ndolo. "Na wewe ulikuwepo, shemeji. Mguu wa mbele uliukata wewe, ukajikata kidole. Hicho hapo. Kovu liko."

Kila mtu alitazama mkono wa Ndolo. Ndolo naye, kabla hajajizuia, akautazama.

Mzee Ndululu akaketi. "Sasa nimesikia," alisema. "Mama akae mahali pa mama."

Mbinya alikuwa ameshaanza kuinuka. Hakusukumwa na hakuambiwa. Aliinuka na gauni lake likanaswa kidogo kwenye kigoda, akalinasua, na kwa sekunde hiyo wanawake hao wawili walikuwa wamesimama karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mwenzake. Kalunde alikuwa na maneno ya miaka kumi, ameyapanga kama viondo juu ya mti. Hakuyatoa. Alikaa. Kigoda kilikuwa cha moto kidogo kwa jua na kwa aliyekikalia, kikapoa.

Kisu kilitoka. Dume likachinjwa, moto ukawaka, na nyama ya wanawake ilipoletwa kwenye majani iliwekwa mbele ya Kalunde, kama inavyopaswa. Alikata mwenyewe. Hakukata kwa uchoyo wala kwa kujionyesha. Alimkatia mama mzazi wa Musembi kwanza, na kila mpishi, na wale wazee wa jirani waliomsogezea sinia. Alimwita Jonah, ingawa ilikuwa nyama ya wanawake, na wanaume wakacheka.

"Kula, Jonah. Kula hadharani leo, hakuna wa kukupiga."

Jonah aliweka kofia chini, akala.

Kisha alikata kipande kingine, kizuri, kisicho na mfupa, akakipeleka kwa mkono wake mwenyewe mpaka pembeni alikosimama Mbinya na kola yake nyeupe, peke yake, kwa kuwa wale waliomwita mama mwenye mashine walikuwa wamepata shughuli nyingine.

"Kula," Kalunde alimwambia.

"Mimi sina njaa, mama."

"Sikukuuliza njaa." Alisubiri mpaka Mbinya alipokipokea, na hakuondoka. "Kula. Siku moja mtu atauliza nani alikuwa ameketi kwenye kile kigoda leo, nami nitakutaja wewe kuwa shahidi uliyekula."

Mbinya alimtazama, akatazama nyama, akatafuna. Kalunde alisimama pale mikono kiunoni, kama anavyosimama mbele ya birika lake, mpaka alipomwona amemeza.